Menyu imetoweka, rangi zimerudi za zamani: je, nianze tovuti upya?

"Nina biashara ndogo ya kushona mapazia na foronya, na tovuti yake niliijenga mwenyewe kwa WordPress. Nilibadilisha rangi na fonti kwa kuhariri faili la style.css la mandhari niliyokuwa natumia. Ikapendeza sana, nilitumia rangi ya dhahabu juu ya nyeupe. Wiki iliyopita nilibonyeza kitufe cha kusasisha, kila kitu kikarudi kama siku ya kwanza. Kwa hasira nikawasha mandhari nyingine. Sasa menyu niliyoipanga haipo. Badala yake zimejipanga kurasa zote 14, hata ule wa majaribio, kwa utaratibu nisiouelewa, na kwenye simu zinajaza kioo kizima. Mtu mmoja ameniambia menyu haitakiwi kuzidi vipengele saba. Mwingine anasema nilipie tovuti mpya kabisa. Rafiki naye amenipa nakala ya bure ya mandhari ya kulipia. Nifuate ushauri wa nani? Na je, kazi yangu imepotea?"

Menyu yako haijapotea. Ipo pale pale ulipoiacha, ila mandhari mpya haijaambiwa iitundike wapi. Rangi na fonti ndizo huenda zimeondoka kweli, ingawa hata hizo zina mahali pa kutafutwa kabla hujakata tamaa. Mambo mawili yasiyohusiana yamekupata ndani ya wiki moja, ndiyo maana unayaona kama balaa moja. Tuyatenganishe.

Tovuti ya WordPress imegawanyika sehemu mbili zinazokaa mbalimbali. Maneno ya kurasa zako, mipangilio yako na menyu yako vimo kwenye hifadhidata. Mandhari, ambayo wengi wetu tunaiita themu, ni folda ya mafaili tu kwenye seva. Wewe ni mtu wa mapazia, kwa hiyo nikupe mfano wa kazini kwako: ulichofanya ni kudarizi kwenye pazia la kukodi. Darizi ilikuwa nzuri, lakini pazia halikuwa lako. Siku mwenyewe alipoleta toleo jipya, alishusha la zamani pamoja na uzi wako akatundika jipya. Kusasisha mandhari hakusomi faili mstari kwa mstari na kuuliza ni upi ulioandika wewe. Folda ya zamani huondolewa nzima, nyingine ikawekwa mahali pake.

Usione haya. Niliwahi kukesha nikirekebisha nafasi kati ya mistari kwenye tovuti ya mteja, moja kwa moja kwenye faili la mandhari kama wewe, na asubuhi yake mteja yule yule akabonyeza kitufe cha kusasisha kwa nia njema kabisa. Watu wengi wakishaungua hivyo huapa kutosasisha tena, na hapo ndipo kosa dogo linapozaa kubwa, maana masasisho huziba matundu ya usalama. Mandhari iliyoachwa miaka miwili bila kuguswa ni mlango ulioegeshwa tu. Endelea kusasisha. Kinachotakiwa kubadilika ni mahali unapoweka kazi yako.

Kwanza tujaribu kuiokoa ya zamani. Kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti hutunza nakala za akiba za siku kadhaa zilizopita. Ingia kwenye akaunti yako huko, au waandikie, uombe nakala ya kabla ya siku uliyosasisha. Usikubali tovuti nzima irudishwe nyuma, kwa sababu ukifanya hivyo utapoteza kila kilichoongezwa tangu siku hiyo, yakiwemo maagizo ya wateja kama unayapokea humo. Omba faili moja tu la style.css, lifungue pembeni, unakili mistari uliyoandika wewe. Kama nakala haipo, basi imeondoka, na sina dawa ya kukupa. Lakini rangi na fonti ni mistari michache. Mara ya pili hutachukua muda kama wa mara ya kwanza.

Mistari hiyo sasa iwekwe wapi? Ikiwa ni ya rangi, fonti na nafasi tu, iweke kwenye kisanduku cha Additional CSS (CSS ndiyo lugha ya mistari hiyo ya mwonekano), ambacho kwa mandhari za mtindo wa zamani kimo ndani ya Customize, chini ya Appearance kwenye dashibodi ya WordPress. Kisanduku hicho huhifadhiwa kwenye hifadhidata, kwa hiyo sasisho haliwezi kukigusa. Kuna jambo moja ambalo huwashtua wengi: kisanduku hicho ni cha mandhari moja moja. Ukihamia mandhari nyingine utakikuta kitupu na utadhani umeibiwa tena. Ukirudi kwenye ile ya awali, mistari yako utaikuta inakusubiri. Ndivyo ilivyo pia kwa mipangilio mingi ya Customize, kama nembo na picha ya juu.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, kwa mfano kubadilisha mpangilio wa kichwa cha tovuti au kuongeza kitu chini ya kila ukurasa, tengeneza mandhari tanzu. Jina linatisha kuliko kazi yenyewe. Ni folda nyingine yenye faili la style.css ambalo juu yake kuna mistari miwili ya lazima, Theme Name na Template. Huo wa pili hutaja jina la folda ya mandhari mama, na lazima lifanane herufi kwa herufi. Ukikosea hapo, WordPress itakuambia mzazi hayupo. Mandhari tanzu hurithi kila kitu kutoka kwa mama isipokuwa kile ulichokibadilisha wewe, na mama anaposasishwa folda yako haiguswi. Faili lolote la kiolezo, yaani linalopanga umbo la ukurasa, utakaloweka kwa mtoto huchukua nafasi ya lile la mama lenye jina hilo hilo. Faili la functions.php, linalobeba msimbo wa utendaji wa mandhari, peke yake halifuati kanuni hiyo, kwani la mtoto husomwa kwanza kisha la mama likafuata, yote mawili yakafanya kazi. Kwa hiyo usinakili functions.php ya mama nzima na kuibandika kwa mtoto. Utakuwa umetangaza kazi zile zile mara mbili, na tovuti inaweza kuzimika palepale.

Kuna habari njema kidogo ikiwa mandhari uliyowasha sasa ni ya vitalu, yaani ambayo tovuti nzima hupangwa kwa vipande vipande, aina iliyoingia rasmi na WordPress 5.9 mwaka 2022. Utaitambua kirahisi: chini ya Appearance utaona Editor, wala hutaona Menus. Kwa mandhari hizo, mabadiliko unayofanya kwenye kihariri hukaa kwenye hifadhidata tangu mwanzo, kwa hiyo kisa cha pazia la kukodi hakikuhusu sana. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba kiolezo ulichokihariri hubaki kama ulivyokiacha hata mtengenezaji akiboresha cha kwake, hadi wewe mwenyewe uamue kukirudisha.

Sasa menyu.

Kila mandhari ya mtindo wa zamani hutangaza nafasi zake za menyu. Moja itakuwa nayo juu tu, nyingine juu na chini, nyingine ina ya tatu kwa ajili ya simu. Menyu uliyoipanga ni kitu kimoja, na nafasi ya kuitundika ni kitu kingine. Unapobadilisha mandhari, WordPress hujaribu kukisia ni nafasi ipi inafanana na ile ya zamani. Kwako imeshindwa kukisia. Na nafasi ikikosa menyu, mandhari nyingi haziachi pengo, bali huorodhesha kurasa zote ulizowahi kuchapisha. Huo utaratibu usiouelewa ni alfabeti tu! Angalia tena utaona. Ukurasa wa majaribio umetokea kwa sababu uliuchapisha, hata kama hukuwahi kuuweka kwenye menyu.

Nenda Appearance, kisha Menus, chagua menyu yako ya zamani kwa jina lake, shuka chini hadi kwenye orodha ya nafasi, weka alama kwenye ile ya juu, hifadhi. Kazi imekwisha. Ukiwa hapo hapo, ondoa alama kwenye kisanduku kinachoruhusu kurasa mpya kujiongeza zenyewe kwenye menyu, kama kimewekwa. Kama mandhari yako ni ya vitalu, gusa menyu ndani ya Editor. Huenda ukakuta ni kitalu kinachoitwa Page List, ambacho nacho hukusanya kurasa zote. Kiondoe, uingize menyu yako. Na ukiamua kuwasha mandhari tanzu, huenda ukahitaji kutundika menyu tena, kwa kuwa WordPress huihesabu kuwa mandhari nyingine.

Kuhusu vipengele saba: ushauri huo una ukoo mrefu lakini umepotea njia. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika juu ya kiasi cha vitu ambavyo mtu anaweza kuvishika kwa muda mfupi kichwani, akataja saba, pungufu au zaidi kwa mbili. Alizungumzia kumbukumbu. Menyu haikaririwi, iko mbele ya macho. Mteja wako hatakiwi kuikumbuka, anatakiwa kupata neno analolitafuta. Vipengele vitano visivyoeleweka ni vibaya kuliko tisa vilivyo wazi. Hata hivyo sikushauri ubaki na 14, na sababu yangu si Miller. Sababu ni kwamba menyu ya 14 huonyesha mwenye biashara bado hajaamua kipi ni muhimu, akamwachia mteja kazi ya kuamua.

Ningekuwa wewe, ningefunga kompyuta kwanza. Chukua ujumbe wa wateja wako ishirini wa mwisho, wa simu au wa barua pepe, uandike kwenye karatasi swali la kwanza la kila mmoja, kwa maneno yake. Pengine utakuta wengi wanauliza kuhusu mapazia ya madirisha makubwa, jinsi ya kupima, bei, na lini kazi itakuwa tayari. Wachache sana, au hakuna, atakuwa ameuliza historia ya biashara yako. Karatasi hiyo ndiyo menyu yako. Kipengele cha "Huduma zetu" kinaweza kuwa cha duka la dawa au la matairi, hakimwambii mtu kitu. "Mapazia" na "Foronya" vinamwambia. "Jinsi ya kupima dirisha" ni kirefu kidogo lakini ningekiacha, kwa sababu kinajibu swali ambalo mtu anakuja nalo na tepu mkononi. Maneno ya kujipamba kama "Gundua" au "Ulimwengu wetu" yatupe bila huruma.

"Mwanzo" nao unaweza kuuondoa ikiwa nembo yako inamrudisha mtu ukurasa wa kwanza ikiguswa. Sera ya faragha, masharti na mambo ya namna hiyo yashushe chini ya tovuti, mahali watu walipozoea kuyatafuta. Njia ya kuwasiliana nawe iweke mwisho wa menyu ya juu, ifanane na kitufe, isichanganyike na viungo vingine. Kwa hesabu yangu ya haraka utabaki na vitano au sita. Ukibaki na nane na vyote vina kazi, usilie.

Utashawishika kuficha vilivyobaki ndani ya menyu ndogo zinazoshuka. Zitumie kwa uchache, na uelewe tatizo lake. Kwenye kompyuta menyu hiyo hushuka kishale kikipita juu yake, lakini kidole hakina kupita juu, kinagusa au hakigusi. Kwa hiyo mtu wa simu akigusa "Mapazia", mandhari inapaswa kuamua: imfungulie ukurasa, au imshushie orodha? Nyingine huamua vibaya, na mteja anajikuta hawezi kufika kwenye kimojawapo. Mimi hupendelea "Mapazia" uwe ukurasa kamili wenye picha na viungo vya aina zote, ili hata menyu ndogo ikigoma mtu asikwame. Ukishuka ngazi ya tatu, yaani menyu ndani ya menyu ndani ya menyu, jua tatizo ni mpangilio wa kurasa.

Kwenye simu menyu hujikunja kuwa vistari vitatu. Alama hiyo ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Norm Cox aliichora kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star, iliyotoka mwaka 1981. Wengi wanaitambua, ila kilichofichwa nyuma yake hutazamwa mara chache kuliko kilicho wazi. Basi lile jambo moja unalotaka kila mteja alione, labda kitufe cha kupiga simu, liache nje ya vistari. Angalia pia ukubwa wa viungo. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, WCAG 2.2 wa mwaka 2023, unataka eneo la kugusa lisipungue pikseli 24 kwa 24, na Apple kwa simu zake hupendekeza pointi 44 kwa 44. Na ujaribu kwa simu halisi. Kuminya dirisha la kivinjari kwenye kompyuta huonyesha umbo tu, hakuonyeshi kidole gumba.

Nisipokugusia ile dhahabu juu ya nyeupe nitakuwa sijakutendea haki. Najua imekukaa moyoni. Kipimo kinachotumika ni uwiano wa mwanga kati ya maandishi na kilicho nyuma yake, na WCAG hutaka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Dhahabu inayotumiwa sana, ile yenye namba #D4AF37, juu ya nyeupe hupata kama 2.1 tu. Juani, kwenye simu, maandishi hayo hayapo. Lakini dhahabu hiyo hiyo juu ya nyeusi hupata karibu 10. Kwa hiyo huhitaji kuiacha: ipe kichwa cheusi cha tovuti, au iache kwenye mistari ya mapambo, kisha maandishi ya kusoma yawe ya rangi iliyokolea. Hii ndiyo faida ya kupanga rangi upya. Darizi ya pili hutoka nzuri kuliko ya kwanza.

Jambo moja zaidi kabla hujaanza kubadili majina. Neno la kwenye menyu, kichwa cha ukurasa, na anwani ya ukurasa ni vitu vitatu tofauti. Kubadilisha neno la kwenye menyu hakuna madhara yoyote, libadilishe hata kila siku. Kubadilisha anwani kunakata kila kiungo ambacho wateja walishahifadhi au kutumiana, na kile ambacho Google inakijua. Ikibidi kweli, weka maelekezo ya kudumu, yanayojulikana kwa namba 301, kutoka anwani ya zamani kwenda mpya. Zipo programu-jalizi (plugin, yaani vipande vya programu vya kuongezea kwenye WordPress) nyingi za kazi hiyo.

Nirudi kwa washauri wako. Tovuti mpya kabisa? Kwa hali uliyonieleza, hapana. Umepoteza mistari michache ya mtindo na kiungo cha menyu, na hakuna kati ya hayo kinachotibiwa kwa kubomoa. Ningekubaliana na mshauri wako kama mandhari yako imeachwa na mtengenezaji wake, haisasishwi tena, au kama kurasa zako zilijengwa kwa programu-jalizi ya kupanga kurasa ambayo ukiizima huacha maandishi yaliyojaa mabano na alama. Hapo kujenga upya kunaweza kuwa nafuu kuliko kuzibaziba. Hata hivyo maneno na picha zako utahama nazo.

Ile nakala ya bure ya mandhari ya kulipia, nakuomba usiiwashe hata kwa majaribio. Rafiki yako hana nia mbaya, lakini hajui mafaili hayo yamepita mikononi mwa nani. Nakala kama hizo mara nyingi huwa zimetiwa msimbo wa kumfungulia mtu mlango wa nyuma, au wa kupandikiza viungo visivyo vyako ndani ya tovuti yako. Pia hazipati masasisho ya mtengenezaji. Kama umeshaiwasha, kuifuta hakutoshi. Badilisha manenosiri yote, angalia kama kuna mtumiaji usiyemjua mwenye mamlaka ya msimamizi, na umwite mtu aichunguze tovuti.

Ninaposema umwite mtu, namaanisha fundi unayeweza kukaa naye mbele ya skrini. Mbali na hiyo nakala, ningemwita kama tovuti inapokea malipo na unataka kugusa kiolezo cha ukurasa wa malipo, au kama huna kabisa njia ya kuingia kwenye akaunti ya kampuni inayohifadhi tovuti. Skrini nyeupe baada ya kuhariri functions.php inatisha, lakini kabla ya kumpigia, fungua barua pepe yako ya usimamizi. Tangu toleo 5.2 la mwaka 2019, WordPress ikigundua hitilafu ya kuangusha tovuti hujaribu kukutumia kiungo cha kuingilia kwa njia ya dharura, uzime kilicholeta shida.

Fundi akija, usimpe nenosiri lako. Mfungulie akaunti yake mwenyewe, hakikisha nakala ya akiba ya mafaili na hifadhidata imechukuliwa kabla hajagusa kitu, na umuulize swali moja: mabadiliko yako utayaweka kwenye faili gani? Akikutajia la mandhari mama, mpe chai, umshukuru, utafute mwingine. Akimaliza kazi, akaunti ile ifute.